P2 na vidonge vya kutoa mimba: tofauti iliyopo, na kwa nini siku zilizopita ndizo zinazoamua

Katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, wanawake wawili wanaweza kuomba P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, siku moja wakiwa na haja zisizofanana hata kidogo. Mmoja alijamiiana jana usiku, kondomu ikapasuka, na anataka asishike mimba. Mwingine hedhi yake imechelewa wiki mbili, kipimo cha mkojo kimeonyesha mistari miwili, na anatumaini kwamba vidonge hivyohivyo vitairudisha hedhi. Wa kwanza ameomba kitu kinachomfaa, na huenda amekiomba kwa wakati. Wa pili atatoa fedha zake bure, kwa sababu P2 haina uwezo wowote juu ya mimba ambayo imekwisha kutunga.

Mkanganyiko huu unaeleweka. P2 na dawa za kutoa mimba zote ni vidonge, zote hutafutwa kwa haraka na mara nyingi kwa aibu, na zote huzungumzwa kwa sauti ya chini, hivi kwamba muuzaji na mnunuzi huachana bila yeyote kati yao kusema waziwazi ni tatizo gani linalotatuliwa. Hata hivyo, dawa hizi zina viambato tofauti, hufanya kazi katika nyakati tofauti, na mbele ya sheria za nchi zetu zimewekwa katika mafungu tofauti kabisa. Anayetaka kujua ipi inamhusu aanze kwa kujiuliza maswali mawili: siku ngapi zimepita tangu nijamiiane, na je, mimba imekwisha kutunga?

Pengo kati ya tendo na mimba

Mimba haitungi saa ileile watu wanapojamiiana. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikisubiri yai, ilhali yai lenyewe, likishatoka kwenye ovari, huishi kwa siku moja hivi tu. Yakikutana katika mrija wa uzazi, yai lililorutubishwa husafiri kwa siku kadhaa kabla ya kujipandikiza katika ukuta wa mfuko wa uzazi, na ni baada ya kujipandikiza huko ndipo mwili huanza kutoa homoni ya hCG, ambayo ndiyo kipimo cha mkojo huitafuta. Kwa hiyo kuna pengo la siku kadhaa kati ya tendo na mimba, na vidonge vya dharura hufanya kazi mwanzoni mwa pengo hilo. Vidonge vya kutoa mimba havina kazi humo. Kazi yake huanza pale pengo linapokwisha.

P2, dada yake, na kitanzi

P2 ni ufupisho wa Postinor-2, jina la kibiashara la vidonge vya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungaria, ingawa mitaani jina hilo limekuwa la dawa zote za aina hiyo, hata zenye pakiti nyingine. Kiambato chake ni levonogestreli, homoni ileile iliyomo katika baadhi ya vidonge vya majira na vipandikizi, ila hapa kwa kiwango kikubwa zaidi, yaani miligramu 1.5 kwa jumla. Pakiti yenye vidonge viwili vya miligramu 0.75 ilibuniwa ili kimoja kimezwe mara moja na cha pili baada ya saa 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi nzima imezwe kwa pamoja, jambo ambalo pia humwondolea mtu hatari ya kusahau kidonge cha pili.

Levonogestreli huchelewesha au huzuia yai lisitoke kwenye ovari, ili mbegu zife kabla ya kukutana nalo. Hiyo ndiyo kazi yake, na humohumo ndimo ulipo udhaifu wake, kwa kuwa mwili ukishatoa ishara ya kuliachilia yai, dawa haiwezi tena kuizuia. Ndiyo maana saa zina thamani. Anayemeza siku ileile ana nafasi nzuri zaidi kuliko anayesubiri siku ya tatu, hata kama wote wawili wamo ndani ya saa 72 zilizoandikwa kwenye pakiti. Inaweza kutumika hadi saa 120, yaani siku 5, lakini nguvu yake huwa imepungua. Katika tafiti ambazo Shirika la Afya Duniani limezitaja, kati ya wanawake 100 waliotumia levonogestreli, waliopata mimba walikuwa kati ya mmoja na wawili hivi.

Kuna wasomaji ambao swali lao si la kitabibu bali la imani, nalo ni kama P2 huua mimba changa. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba dawa hii hufanya kazi kabla yai halijatoka, na mwezi Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya dawa ya levonogestreli iliyosajiliwa huko, ikaondoa maneno yaliyodokeza kwamba huenda inazuia yai lililorutubishwa lisijipandikize. Mtu ambaye alikuwa tayari na mimba bila kujua, kisha akameza P2, hajaiharibu mimba hiyo wala hajamdhuru mtoto.

Dawa ya pili ya dharura ni ulipristali, kidonge kimoja cha miligramu 30. Nguvu yake haipungui sana hata ikimezwa siku ya nne au ya tano, na inaweza kulichelewesha yai hata pale ambapo mwili umekaribia kuliachilia, wakati ambapo levonogestreli imekwisha kushindwa. Kwa upatikanaji, katika Afrika ya Mashariki si rahisi kuikuta kama P2. Anayenyonyesha anaweza kutumia levonogestreli bila wasiwasi; kwa ulipristali, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuyakamua na kuyamwaga maziwa kwa wiki moja.

Njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu imesahauliwa bila haki, ni kitanzi chenye madini ya shaba, ambacho wengine hukiita lupu au koili. Kikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa ndani ya siku 5 tangu tendo, huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na hakuna kidonge kinachokifikia. Kisha hubaki kazini kwa miaka mingi kama njia ya kawaida ya uzazi wa mpango. Gharama yake ya papo kwa papo ni usumbufu wa kwenda kituoni na kupimwa, lakini nchini Tanzania huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo mara nyingi kikwazo kikubwa ni kwamba hakuna aliyemwambia mteja kuwa kitanzi nacho ni njia ya dharura.

Wanawake wa makundi mawili wanapaswa kukifikiria kitanzi kabla ya kidonge. Kundi la kwanza ni wenye uzito mkubwa, hasa wale ambao uwiano wao wa uzito na urefu (BMI) unafikia 30 au zaidi, kwani tafiti zinaonyesha kuwa vidonge, na hasa levonogestreli, huwafanyia kazi kwa kiwango cha chini. Kundi la pili ni wanaotumia dawa zinazoharakisha ini kuivunja levonogestreli: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI sasa wamehamishiwa dolutegraviri, ambayo haina tatizo hilo. Aliye bado kwenye efavirenzi au aliye katika matibabu ya kifua kikuu amweleze mhudumu, kwa sababu ikiwa kitanzi hakipatikani, ushauri wa kitaalamu ni kuongeza dozi ya levonogestreli mara mbili, yaani miligramu 3.

Aliyebakwa anakabiliwa na saa zizo hizo kwa mambo mawili kwa pamoja, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI nazo lazima zianze ndani ya saa 72. Hospitali ni mahali pazuri zaidi kuliko duka la dawa katika hali hiyo, maana duka litampa P2 peke yake, nayo haikingi maambukizi ya aina yoyote.

Vidonge vya kutoa mimba

Hapa dawa ni mbili na hutumika kwa kufuatana. Ya kwanza ni mifepristoni, ambayo huziba njia ya projesteroni, homoni inayoushikilia ukuta wa mfuko wa uzazi ili mimba ikae. Ya pili ni misoprostoli, ambayo huukaza mfuko wa uzazi na kuulegeza mlango wake ili vilivyomo vitoke. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani kwa mimba isiyozidi wiki 12 ni miligramu 200 za mifepristoni, kisha, baada ya siku moja au mbili, mikrogramu 800 za misoprostoli. Wiki hizo huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si kuanzia siku ya kujamiiana. Kosa la kuhesabu hapa hutokea mara nyingi, nalo huweza kuipunguza mimba kwa wiki mbili nzima kwenye karatasi.

Ufaransa iliidhinisha mifepristoni mwaka 1988, Marekani mwaka 2000, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Misoprostoli ina historia ya upande mwingine kabisa, kwani ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na leo wodi za wazazi huitumia kuzuia akina mama wasitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Ndiyo sababu inajulikana na kuonekana hata katika nchi ambako mifepristoni ni adimu.

Zikitumika kwa usahihi katika wiki za mwanzo, dawa hizi mbili hukamilisha kazi kwa zaidi ya wanawake 95 kati ya 100. Wanaobaki huhitaji dozi nyingine au kusafishwa mfuko wa uzazi kwa njia ya kufyonza, kwa hiyo hata pale ambapo kila kitu ni halali, mtu anahitaji kujua mapema ni hospitali gani atakwenda mambo yasipokwenda sawa.

Wapo wasiopaswa kuzitumia, au wasiopaswa kuzitumia bila daktari kuwatazama kwa karibu: wenye mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, wenye matatizo ya damu kuganda au wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, wenye ugonjwa wa tezi za adrenali, na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mwenye kitanzi lazima kitolewe kwanza. P2 haina orodha ndefu kama hii, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya iweze kuuzwa dukani bila uchunguzi.

Damu inamaanisha nini

Kama ningetakiwa kuchagua tofauti moja ambayo kila mwanamke aondoke nayo, ningechagua hii ya damu, kwa sababu ndiyo inayowapotosha watu hata baada ya kumeza dawa sahihi.

Baada ya P2, wengine hutokwa na matone ya damu, wengine hawatokwi na kitu, na hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku chache. Kichefuchefu, kuumwa kichwa, uchovu na matiti kujaa hutokea, kisha hupita. Matone hayo si uthibitisho kwamba dawa imefanya kazi, na kutoyaona si uthibitisho kwamba imeshindwa. Uthibitisho ni hedhi yenyewe, na ikichelewa zaidi ya wiki moja kupita siku yake, ni kipimo cha mkojo. Jambo la kufuatilia katika saa za mwanzo ni kutapika, kwa sababu anayetapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza levonogestreli anapaswa kurudia dozi, na kwa ulipristali muda huo ni saa 3.

Kwa vidonge vya kutoa mimba mambo yamegeuka. Damu ndiyo kazi yenyewe. Kwa kawaida huanza ndani ya saa chache baada ya misoprostoli, huwa nyingi kuliko ya hedhi, huambatana na mabonge na maumivu makali ya tumbo yanayoweza kutulizwa kwa ibuprofeni, kisha hupungua na kuendelea kidogokidogo kwa wiki mbili au zaidi. Baridi ya kutetemeka, homa ya muda mfupi na kuharisha siku ileile ni athari zinazotarajiwa za misoprostoli. Kutokuona damu kabisa si habari njema hata kidogo, kwa sababu huenda mimba inaendelea, au huenda imetunga nje ya mfuko wa uzazi, mahali ambapo dawa hizi haziwezi kuitoa na ambapo mrija unaweza kupasuka. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kuzirai, au maumivu ya ncha ya bega ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayelowanisha pedi nene mbili au zaidi kila saa kwa saa mbili mfululizo, mwenye homa inayopita siku moja, au mwenye uchafu wenye harufu mbaya.

Kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili hadi wiki 4 baada ya mimba kutoka, kwa hiyo kupima siku ya tatu huleta hofu bila sababu.

Siku ambazo hakuna kidonge kinachohusika

Tuseme siku 5 zimepita bila P2, wala ulipristali, wala kitanzi, na hedhi inatarajiwa wiki ijayo. Kipindi hiki hakitajwi sana, ilhali ndicho wanachonaswa wengi, na humo hufanyika mambo mengi ya hovyo: kumeza P2 siku ya tisa, kumeza pakiti mbili kwa mkupuo, majivu, chai nzito ya majani, dawa za malaria kupita kiasi. Ukweli ni kwamba kwa siku hizo hakuna dawa ya kumeza. P2 imechelewa, na vidonge vya kutoa mimba havina mimba iliyothibitishwa ya kuitoa. Kinachotakiwa ni kusubiri tarehe ya hedhi na kupima, au, kwa mwenye hedhi isiyotabirika, kupima wiki 3 baada ya siku ya kujamiiana. Mikorogo ya nyumbani haizuii mimba wala haiitoi kwa usalama. Inayofanikiwa zaidi ni kuharibu ini na figo.

Mbele ya sheria

P2 ni njia ya uzazi wa mpango, nayo ni halali nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mkewe au bintiye mtu akikutwa nayo, hajavunja sheria.

Utoaji mimba uko kwingine. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 150 hadi 152, humwadhibu anayetoa mimba ya mwanamke kwa kifungo cha hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na anayetoa dawa au kifaa akijua matumizi yake hadi miaka 3; kifungu cha 230 hulinda upasuaji uliofanywa kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Nchini Kenya, Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 hairuhusu utoaji mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kuingia humo ikiwa inahatarisha afya ya mama. Sheria ya Rwanda ya 2018 imetaja wazi ubakaji, mimba ya maharimu na ndoa ya kulazimishwa, mradi huduma itolewe na daktari.

Kwa hiyo mwanamke anayelinganisha njia hizi mbili mjini Tanga halinganishi vitu vilivyo wazi kwake kwa usawa, na muuzaji anayempa vidonge visivyo na pakiti kwenye bahasha hampi huduma wala maelezo, bali humwachia hatari zote za dawa na za sheria. Lakini mlango mmoja hubaki wazi kwa kila mtu: huduma baada ya mimba kuharibika. Mwanamke anayetokwa na damu hutibiwa, na matibabu ni yaleyale iwe mimba imetoka yenyewe au kwa dawa. Katiba ya Kenya, Ibara ya 43(2), inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Kuchelewa nyumbani kwa kuogopa maswali ndiko kunakoua.

Baada ya hapo

Uwezo wa kushika mimba haupotei kwa P2 wala kwa vidonge vya kutoa mimba vilivyotumika ipasavyo, na hurudi upesi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya kutoa mimba ya wiki za mwanzo, yai linaweza kutoka tena ndani ya wiki mbili. P2 nayo humkinga mtu kwa tendo lililopita tu, na kwa kuwa imelichelewesha yai, anayejamiiana siku tatu baadaye bila kinga anaweza kushika mimba ambayo asingeipata wiki iliyotangulia. Kuitumia zaidi ya mara moja kwa mwezi hakuna sumu, ila huvuruga hedhi na hukinga kwa kiwango cha chini kuliko sindano, kipandikizi au kitanzi. Aliyemeza levonogestreli anaweza kuanza vidonge vya majira au sindano siku hiyohiyo, na kutumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Aliyemeza ulipristali asubiri siku 5 ndipo aanze homoni yoyote, kwani zikikutana mapema hupunguziana nguvu. Baada ya vidonge vya kutoa mimba, kipandikizi kinaweza kuwekwa tangu siku ya mifepristoni, na kitanzi huwekwa mara mhudumu anapohakikisha kwamba mimba imetoka yote.